Alfajiri Niliyokimbia Hadi Darajani

Tulimzika Yuditha Chaula siku ya Alhamisi, Makambako, katika upepo ule wa Makambako unaowanyang'anya watu kofia na kuyapeleka maneno ya mchungaji kwa majirani kabla hayajawafikia wafiwa. Nilikaa safu ya tatu kati ya wanawake wa kwaya, kitenge mabegani na fimbo yangu katikati ya magoti. Mjukuu wake mkubwa alisimama akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti isiyotetemeka. Marehemu alizaliwa Ukinga, akabatizwa, akasoma hadi darasa la nane, akarudi nyumbani kuwasaidia wazazi, akaolewa, akalima pareto na ngano, akajaliwa watoto saba. Nilisubiri. Kati ya darasa la nane na kurudi nyumbani palikuwa na mkato tu, na kijana aliuvuka bila hata kuvuta pumzi. Katika mkato ule mna miezi saba ambayo Yuditha aliishi nasi chuoni Njombe, na katika watu wote waliosimama kando ya kaburi lile, mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichompata humo. Sikumlaumu kijana. Mtu husoma alichoandikiwa. Lakini nilirudi nyumbani, kijijini Yakobi, jioni ile, na kesho yake nilimwomba mwanangu aninunulie daftari.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa bado anatawala, na chuo kikuu hakikuwapo nchi nzima. Aliyetaka elimu ya juu hivyo alipelekwa Uganda, naye kwa kawaida alikuwa mwanamume. Kwetu sisi watu wa Njombe chuo cha ualimu cha misheni ndicho kilikuwa mwisho wa ngazi. Kilikuwa nje kidogo ya mji, majengo ya matofali mekundu yenye mabomba ya moshi, na nyuma yake miti ya miwati iliyopandwa mistari kwa mistari mpaka macho yachoke. Wanaume walikuwa zaidi ya sitini. Sisi wasichana tulikuwa kumi na mmoja, wa kwanza kupokelewa pale, na kila mtu aliyepita njiani alisimama kututazama kama watu wanavyotazama daraja jipya, akijiuliza kama litabeba.

Tulilala chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya saruji. Mwezi wa sita, maji tuliyoacha kwenye ndoo yalifanya ukoko wa barafu usiku, na aliyeamka kwanza ndiye aliyeuvunja kwa kata. Tulikuwa tumesogeza vitanda viwili viwili ili blanketi moja lisaidie jingine. Chumba cha kulia kilinukia moshi wa kuni mbichi na maharage. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali na maharage, jioni ugali na msusa, yale majani ya maboga, na Jumapili viazi mviringo na kipande cha nyama ambacho tulikitafuna polepole ili kisiishe. Mimi nilikuwa mwembamba kama fito. Nilikuwa nimeugua sana homa mwaka uliotangulia, na kupanda kile kilima kifupi cha kwenda kanisani kulinisimamisha mara mbili. Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Aliyegundua kwamba viatu vyangu havikuwa na kamba ni Bibi Karin. Alikuwa Mswidi, mrefu, uso mwekundu kwa upepo, mwalimu wa mazoezi ya viungo. Kiswahili chake kilikuwa sahihi mno, kila neno likikaa peke yake kama viti vya kanisani. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akatuambia tuvute pumzi, akapita akitusikiliza migongoni mmoja mmoja. Kisha akasimama mbele yetu. "Ninyi mtafundisha watoto arobaini katika chumba kimoja," alisema. "Mwalimu asiye na pumzi hufundisha robo saa, halafu anakaa. Mimi sitaki walimu wa kukaa." Tulicheka. Yeye hakucheka. Nimewafundisha walimu wengi tangu wakati ule, na sijapata kusikia sababu ya mazoezi iliyoelezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Kufundisha wasichana kuruka na kukimbia halikuwa jambo dogo. Bibi Karin alikuwa amepigania jambo hilo mwaka mzima mbele ya wazee wa kanisa, na aliyempinga zaidi alikuwa Mzee Mlowe, mwenyekiti wao. Nataka nimtendee haki mzee huyu. Hakuwa mtu mbaya. Binti yake wa pekee alikuwa amekufa wakati wa kujifungua, na yeye aliamini kwa moyo wake wote kwamba msichana akiruka ruka hovyo kitu fulani tumboni huachia, na siku ya kuzaa ndiyo siku ya kulipa. Mwishowe alikubali kwa masharti. Wasichana wangefanya mazoezi ndani ya ua wa mabanzi uliojengwa nyuma ya bweni, mabanzi marefu kumpita mtu. Wasingeonekana na mwanamume wakiwa wamevaa zile suruali fupi za kaniki ambazo Bibi Karin alitushonea, pana, zenye mpira magotini. Na msichana yeyote akitoka nje ya ua na vazi lile, mazoezi yangekoma kwa wote. Bibi Karin aliweka saini. Siku ile sisi tuliona ameshinda.

Yuditha alikuja wiki mbili baada yetu. Alikuwa ametembea siku tatu kutoka Ukinga, kupita majani ya Kitulo na ukungu wake, na sanduku la bati kichwani. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na vigimbi vya miguu yake vilikuwa kama vimechongwa. Alipewa kitanda kando ya changu. Jioni ile nilimletea maji ya moto ya kuoshea miguu, naye aliyatazama kwa mshangao.

"Nani mgonjwa?" aliuliza.

"Wewe. Umetembea siku tatu."

"Ah, kumbe!" akasema, akacheka, akaniosha mimi miguu badala yake, kwa sababu maji yalikuwa yameshachemka na ingekuwa hasara kuyamwaga.

Katika ua ule wa mabanzi Yuditha alikuwa kiumbe mwingine. Seremala wa misheni alikuwa ametutengenezea farasi wa mbao wa kuruka, mwenye miguu minne na mgongo uliofunikwa ngozi ya ng'ombe. Sisi kumi tulimkaribia kama watu wanaotaka kupatana bei yake. Yuditha alimtazama mara moja, akakimbia hatua sita, akaweka viganja, akapita juu miguu imekunjwa, akashuka upande wa pili bila kishindo. Bibi Karin aliondoa filimbi mdomoni. "Tena," alisema kwa sauti ndogo. Yuditha akaruka tena. Nakumbuka kwamba hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa kama kumwona mtu akisali.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukimbia. Bibi Karin alinipa mazoezi, lakini Yuditha ndiye aliyekimbia kando yangu kila jioni kuzunguka ua, duara baada ya duara, huku akiongea kana kwamba tumekaa jikoni. "Unapigana na pumzi, Rahabu. Usipigane nayo. Itoe yote. Itarudi yenyewe, kondoo hapotezi zizi lake." Mwanzoni nilizunguka mara tatu nikaegemea mabanzi, macho yakiona nyota. Mwezi wa nne nilizunguka mara ishirini. Mwezi wa tano sikuhesabu tena. Nilianza kula ugali wa watu wawili. Nilipanda kilima cha kanisani nikiimba. Mtu ambaye hajawahi kuwa dhaifu hawezi kuelewa furaha ile. Ni kama kuishi chumba kimoja miaka yote, kisha siku moja ukasukuma ukuta ukakuta ni mlango.

Na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, ndani ya furaha. Wanaume walikimbia kila alfajiri kutoka chuoni hadi daraja la mtoni na kurudi. Tulisikia miguu yao ikipita nje ya bweni, na kwenye chumba cha kulia tuliwasikia wakiongea kwa sauti ili tusikie: msichana hawezi kufika darajani, ataketi njiani aombe maji. Wasichana wengine walikasirika. Yuditha alikula tu. "Daraja litakuwepo," alisema. Lakini mimi sikulala. Nilitaka kujua mwili wangu mpya unafika wapi, na ua ule ulikuwa umeshakuwa mdogo kwangu. Ijumaa moja alfajiri nilivaa ile suruali ya kaniki, nikajifunga kitambaa kichwani hadi machoni, nikatoka. Niliwaacha wanaume watangulie. Ukungu ulikuwa mzito, umande umeganda mweupe juu ya majani, na barabara ilikuwa ngumu na baridi chini ya nyayo zangu. Nilikimbia. Sikuketi. Sikuomba maji. Nilisikia wanaume wakigeuka na kurudi, nikajibanza kwenye miwati wakapita bila kuniona, kisha nikaenda nikaligusa daraja kwa viganja vyangu viwili. Sijapata kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na ninaandika hivi mume wangu akiwa amelala kaburini na najua angenisamehe.

Nikiwa nusu ya njia ya kurudi niliona taa ya baiskeli ikija ndani ya ukungu. Alikuwa Mzee Mlowe, akitoka kijijini kwenda misheni. Alifunga breki. "We! We binti!" aliita. Nilikata kona nikaingia kwenye miwati, nikakimbia mpaka nyuma ya bweni, nikaingia kitandani na miguu yangu iliyolowa. Kitanda cha Yuditha kilikuwa kimya. Nilingoja siku hiyo nzima mtu aje. Hakuna aliyekuja. Jumamosi asubuhi tulipakiwa kwenye lori kwenda Makambako, na nikadhani nimepona.

Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda tu, maduka machache ya Wahindi, mabati, vumbi, na malori yaliyosimama kupoza injini kabla ya kwenda Iringa, Mbeya au Songea. Palikuwa na uwanja tambarare karibu na shule, na shule za wilaya zilikuwa zimekusanyika kwa michezo. Bibi Karin alikuwa ameomba kitu kimoja: wasichana wake waoneshe mazoezi kwa nusu saa mbele ya ofisa elimu, Mwingereza, wakiwa wamevaa sketi ndefu juu ya zile suruali. Wazee walikuwa wamekubali kwa ajili ya siku hiyo moja tu. Ofisa akiridhika, mazoezi ya viungo kwa wasichana yangeingizwa katika shule zote za misheni za nyanda zile. Hilo ndilo lililokuwa mezani. Sisi kumi na mmoja tulilijua, na hakuna aliyeweza kumaliza chai yake asubuhi ile.

Tulinyoosha mikono, tulipinda, tulisimama kwa mguu mmoja kama korongo, na watoto wakacheka. Kisha farasi wa mbao akaletwa. Mimi niliruka, nikashuka vibaya kidogo. Yuditha alikuja mwisho. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yake. Alikimbia hatua zake sita na uwanja mzima ukamwona akipita juu ya yule farasi kana kwamba upepo ndio uliomwinua, na kabla vumbi halijatulia alikuwa amegeuka, amekimbia kuzunguka, ameruka mara ya pili. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele. Ofisa elimu alisimama. Nami nilikuwa natazama upande mwingine, mahali wazee walipoketi, na nilimwona Mzee Mlowe akimwinamia jirani yake, akimwonyesha Yuditha kwa kidole cha mkono uliolala gotini.

Jioni, wenzangu wakiosha masufuria, nilitumwa kurudisha bakuli katika darasa alilopewa Bibi Karin. Mlango ulikuwa umerudishwa, na nilisikia sauti ndani. "Ndiye yule," Mzee Mlowe alikuwa anasema. "Niliona mbio zile kwa macho yangu, barabarani, miguu wazi. Nilinyamaza kwa sababu sikuona uso. Leo nimeziona tena. Hakuna msichana mwingine anayekimbia vile." Bibi Karin akasema kitu sikusikia. Mzee akajibu taratibu, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye huzuni: "Mama, sitaki kuvunja kazi yako. Ofisa amefurahi, nimemwona. Lakini tuliandikiana. Ama mazoezi yaondoke, ama binti aondoke. Chagua wewe." Nililiweka bakuli chini pale mlangoni, taratibu, lisilie.

Nimekaa na dakika ile maisha yangu yote. Ningeweza kusukuma mlango. Ulikuwa mlango wa mbao nyepesi, umerudishwa tu. Lakini katika akili yangu ya miaka kumi na tisa nilijiambia kwamba Yuditha atakana, kwamba ni kweli hakutoka, na kwamba ukweli una nguvu zake wenyewe, haunihitaji mimi.

Tuliitwa Jumanne baada ya sala, katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza, Mzee Mlowe na wazee wawili kwenye benchi, Bibi Karin amesimama dirishani ametupa mgongo. Yuditha alikuwa katikati ya chumba, mikono imeachiwa, kama tulivyofundishwa kusimama. Alikuwa ameshasema kwamba si yeye. Walinigeukia mimi.

"Rahabu, binti yangu," alisema Mzee Mlowe, "wewe na huyu mnalala vitanda vinavyogusana. Ile alfajiri ya Ijumaa, kabla ya safari yetu, alikuwa kitandani?"

Nilijua jibu. Ilitosha kusema ndiyo, alikuwa. Hata bila kujitaja. Lakini niliona swali litakalofuata: kama huyu alikuwa kitandani, nani hakuwa?

"Nilikuwa nimelala, baba," nilisema. "Sikuona."

"Hukusikia akitoka?"

"Sikusikia kitu."

Yuditha hakunitazama. Mwalimu mkuu alimuuliza kama ana neno la mwisho, naye akasema, "Nimeshasema, baba. Si mimi." Wote tukamtazama Bibi Karin. Alibaki dirishani muda mrefu, na nje ya dirisha lile hapakuwa na kitu isipokuwa ule ua wa mabanzi. "Mazoezi yataendelea," alisema hatimaye, bila kugeuka. Hivyo ndivyo alivyochagua. Hakutaja jina la mtu.

Yuditha aliondoka kesho yake pamoja na mwinjilisti mmoja mzee aliyekuwa anarudi Ukinga. Wasichana walimpa vitu: sabuni, sindano na uzi, chumvi kwenye karatasi. Wengine walilia. Yeye hakulia. Alitoa ile suruali ya kaniki aliyokuwa ameifua na kuikunja, akaiweka juu ya kitanda, akajitwisha sanduku. Aliponifikia alinipa mkono. "Kamwene, Rahabu," alisema, kama mtu anayemsalimu mtu aliyekutana naye njiani, na mkono wake ulikuwa mkavu na wenye joto. Nikasema kamwene. Nilisimama mlangoni nikamtazama akishuka ile barabara, mwendo wake ule ule, mpaka akapotea kwenye kona ya miwati.

Nilivumilia majuma mawili. Kitanda kile kitupu kando ya changu kilikuwa na baridi niliyoisikia kupitia blanketi. Kisha nilikwenda nyumbani kwa Bibi Karin mchana, saa ya mapumziko. Nilimkuta anatia viraka kwenye mpira wa ngozi. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka sindano chini.

"Mwambie mwalimu mkuu," nilimwomba. "Mwandikie baba yake Yuditha amrudishe. Mimi nitaondoka."

"Keti," alisema. Nikaketi. Aliangalia mikono yake. "Barua ya ofisa imefika. Shule zote. Anataka walimu wa kike kumi, nao wawe tayari mwakani. Ukisema sasa, wazee watauliza: tulimfukuza asiye na kosa, na mwenye kosa mlimficha? Nitawapoteza ninyi wawili, na mazoezi pia. Ungesema Jumanne ile, Rahabu. Jumanne ningeweza kupigana."

"Nifanye nini?"

"Nyamaza. Soma. Uwe mwalimu mzuri." Machoni kwake mlikuwa na maji, lakini sauti yake ilibaki ile ile ya viti vya kanisani. "Na mimi nitanyamaza. Tutabeba pamoja."

Nilitii. Ningependa kuandika kwamba nilitii kwa uchungu. Ukweli ni kwamba niliposhuka ngazi za nyumba ile nilisikia mwili wangu mzima ukilegea kwa nafuu, na nafuu ile ndiyo ninayoionea aibu kuliko hata uongo wenyewe. Kabla ya mwaka kwisha ilikuja barua ya yule mwinjilisti kwamba ndoa ya Yuditha ilikuwa imetangazwa kanisani kwao mara ya tatu. Alikuwa anaolewa na mwanamume mjane mwenye watoto. Bibi Karin alisoma barua ile, akaikunja, akapiga filimbi, tukaendelea.

Nilifaulu. Nilifundisha mazoezi ya viungo miaka thelathini na minne, Njombe, Makambako na sehemu nyingine, kwanza watoto, baadaye wanafunzi wa vyuo. Niliwaambia vijana wakubwa wenye vitabu kwapani kwamba kichwa kinabebwa na shingo, na shingo inabebwa na miguu. Nimepewa barua za shukrani. Wasichana wa shule zetu wanakimbia barabarani leo wakiwa na bukta, na wazee wanapisha baiskeli zao pembeni. Hilo ni jema, nami nilikuwa na sehemu yangu ndani yake, na kila siku ya kazi yangu nilijua limejengwa juu ya nani. Bibi Karin alirudi kwao akafa huko. Katika barua zake za kila Krismasi hakumtaja Yuditha hata mara moja, wala mimi sikumtaja.

Nilimwona Yuditha mara mbili tu katika miaka hiyo yote, kwenye harusi za watu, tukasalimiana kwa heshima kama wakwe. Kisha, miezi minne kabla ya mazishi haya, simu ya mwanangu ililia na sauti ya msichana ikasema, "Shikamoo, bibi. Bibi yangu Yuditha anauliza kama bado unatembea. Anasema kama unatembea, uje."

Nilikwenda Makambako kesho yake. Alikuwa anaishi kwa mwanawe, chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Alikuwa amekonda, mabega yale yameporomoka, lakini alijinyanyua kitini mwenyewe kunipokea. Mjukuu alituletea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akatuacha. Tuliongea kuhusu mvua, watoto, magoti. Nilijua kwamba nisiposema wakati ule nitakufa nacho.

"Yuditha," nilisema, "ile alfajiri nilikuwa mimi."

"Najua."

Aliuma kiazi, akatafuna.

"Nilikuwa macho," alisema. "Ulipoamka kitanda chako kiligonga changu. Nikasema moyoni, leo Rahabu anakwenda. Nilifurahi mno. Uliporudi nilisikiliza unavyohema. Ilikuwa pumzi nzuri, imetulia."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ili wakufukuze wewe?" Alinishangaa kweli. "Halafu nilijua utasema. Pale ofisini nilikuwa nangoja tu: sasa atasema, sasa atasema. Hata siku ya kuondoka. Tulipofika ule mto wa kwanza nilimwambia yule mwinjilisti miguu inaniuma, tupumzike. Haikuwa inauma. Nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu anakuja mbio nyuma yetu. Nikajiambia, anaweza. Nimemfundisha mwenyewe. Akitaka, atatufikia kabla ya jua kupanda."

"Mlikaa muda gani?"

"Hadi yule mzee akakasirika."

Niliweka kikombe chini. Nilishuka kwenye kiti, nikapiga magoti yangu mabovu juu ya zulia, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kibena, na yeye akanipa papo hapo, kama mtu anavyompa mgeni kiti. "Inuka," alisema. "Nilishakusamehe zamani, wakati nanyonyesha mtoto wangu wa pili. Sikuwa na nafasi ya kubeba vyote viwili." Alinishika kiwiko akaniinua, na nguvu zake zilinishangaza. Tulikaa hivyo, mikono imeshikana, mjukuu akifagia uani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya msichana kabisa, sauti ya yule mtu aliyezunguka nami ule ua jioni baada ya jioni:

"Na baadaye? Ulikimbia sana? Ulifika wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na ujuzi.

"Sikukimbia," nilisema. "Nilisimama na filimbi nikawakimbiza wengine. Mimi mwenyewe, tangu siku ulipoondoka, sikukimbia tena."

Yuditha aliutoa mkono wake katika mkono wangu. Aligeuzia uso dirishani, na hapo ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akilia.